Mji wa Kiganjani na Mji wa Mlimani

Mtu atokaye Songea kuelekea magharibi, akapita Peramiho na Kigonsera, akaanza kuipanda milima, hufika mahali ambapo macho yake yanasita kuyasadiki yanayoyaona: vilima vizima, tangu nyayo hadi mabega, vimejaa mashimo maelfu kwa maelfu, yamepangwa safu kwa safu kama macho ya wavu uliotandazwa ukauke, na juu ya kingo zake yamesimama mahindi au yametambaa maharage, ilhali hakuna mhandisi aliyewahi kushika kamba akaipima kazi hiyo. Nchi hiyo ni ya Wamatengo, na mashimo hayo ndiyo ngolo. Msafiri akiendelea, akauacha mji wa Mbinga nyuma yake, barabara ya lami humteremsha kilomita 66 hadi Mbamba Bay, kutoka penye baridi ya kujitanda blanketi asubuhi hadi penye joto la kukaa kifua wazi, na huko hulikuta Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, limelala samawati baina ya milima kama kwamba halina habari na dhiki ya mtu yeyote. Katika mwendo huo mfupi, ambao gari huumaliza kabla abiria hajamaliza hadithi yake, imekunjwa historia ndefu ya namna wanadamu wanavyoufanya mji uwe mji.

Historia hiyo niliijua kwa kuisoma na kwa kuisikia, lakini sikuanza kuipima upya ila kwa sababu ya jambo dogo lililotukia barazani, mjini Mbinga, katika msimu wa kahawa, alasiri moja ambayo jua lilikuwa limekwisha kupoa. Mwenyeji wangu, mzee wa Kimatengo ambaye umri wetu haukupishana sana, alikuwa na mjukuu anayesoma sekondari, naye kijana huyo alikuwa ameiinamia simu yake kwa unyenyekevu ambao vitabu vyake vya shule, kwa kauli ya babu yake, havijapata kuuonja. Nilimwuliza anafanya nini. Akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, “Nalima, babu. Nimerithi shamba.”

“Umelirithi kwa nani?”

“Kwa babu yangu wa humu ndani.”

Babu yake wa huku nje alicheka hata akashikwa na kikohozi. Kijana, alipoona kwamba hatukasiriki, alisogea karibu akatuonyesha: kibanda cha mbao, shamba lililosongwa na mawe na magugu, kijiji kilicho kando ya bahari, majirani wenye majina na tabia zao, na mto wa kuvulia. Akaeleza kwa fahari kwamba mchezo wake umepata toleo jipya, na kwamba miongoni mwa mapya yaliyoletwa mna mashine ya kukaushia samaki kwa moshi, ambayo humzidishia mvuvi thamani ya samaki wake maradufu. Bibi yake, mzaliwa wa Liuli kule ufukweni mwa ziwa, aliyekuwa uani akipepeta maharage, aliusimamisha ungo wake hewani akauliza, “Na hiyo ndiyo mpya?”

Swali hilo la bibi ndilo lililonisukuma kuandika. Nataka kueleza kwanza asili ya mchezo wenyewe, maana nao una nasaba yake. Kisha nirejee mlimani na ziwani, nitazame ni mapya gani yaliyoingia katika nchi hii yakashika, na ni yapi yaliyoingia yakapita kama mvua ya mawe.

Mchezo ule huitwa Stardew Valley. Mtungaji wake ni Mmarekani, Eric Barone wa Seattle, ambaye kwa zaidi ya miaka minne alifanya peke yake kila kazi iliyohitajika: picha, muziki, maneno na hesabu zote zinazouendesha, hata akautoa Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 nakala zilizouzwa ulimwenguni zilikuwa zimepita milioni 40. Kisa chake ni chepesi. Mfanyakazi wa ofisi ya kampuni kubwa, aliyechoshwa na meza yake, anafungua barua aliyoachiwa na babu yake, anakuta amerithishwa shamba, anakwenda kulifufua. Kila mwaka wa mchezo una majira manne, na kila majira yana siku 28. Mchezaji hulima, hunyeshea, huvua, hufuga, huwapelekea majirani zawadi zisizozidi mbili kwa juma, na jioni hulala, kesho yake akaanza tena. Kijiji kina jumba la jamii lililobomoka, na mchezaji ana hiari ya njia mbili: ama alitengeneze kidogo kidogo kwa kuleta mazao, samaki na vitu vya porini, ama alipe sarafu elfu tano za mchezo huo, aiachie kampuni kubwa yenye duka lake iligeuze jumba kuwa ghala. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu babu aliyekufa hurudi, akayatazama yaliyofanywa na mjukuu, akatoa hukumu yake. Mwafrika asomaye kisa hicho hana haja ya kufafanuliwa lolote.

Lakini Barone hakuuanza ukoo huo, na mwenyewe hafichi. Mzee wa michezo hii ni ule uliotoka Japani mwaka 1996, Bokujo Monogatari, uliofahamika Marekani kwa jina la Harvest Moon, ambao mtungaji wake, Yasuhiro Wada, alikuwa mtoto wa mashambani kutoka Miyazaki, kusini ya Japani, aliyehamia Tokyo na huko, katika msongamano wa jiji, akaanza kuyaona mema ya kule alikotoka. Miaka mitano baadaye, 2001, kampuni ya Nintendo ya Kyoto, ambayo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mchezo ambao Waingereza na Wamarekani huuita Animal Crossing, na mwanzilishi wake, Katsuya Eguchi, amesimulia kwamba wazo lilimjia kwa sababu ya upweke: alikuwa amehama Chiba kwenda Kyoto kwa ajili ya kazi, akaachana na jamaa na marafiki, akatambua kwamba kukaa karibu nao ilikuwa neema ambayo hakuijua hata ilipomtoka. Basi mchezo wa mji mtulivu, tangu asili yake, ni kazi ya wahamiaji wenye shauku ya kwao. Haikuwa ajabu kwamba toleo lake la Machi 2020, lililotoka wakati maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, lilinunuliwa na mamilioni waliokuwa hawawezi kumtembelea hata jirani wa mlango wa pili.

Wala sisi wenyewe hatukuwa wageni wa michezo ya aina hiyo. Bao letu, ambalo huchezwa tangu Lamu hadi ufukwe wa Nyasa, lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza na shimo kubwa liitwalo nyumba, lenye kete sita, na kete nyingine 22 amezishika mkononi azinamue moja moja. Na kazi yote ya mchezo ni kusambaza kete kutoka shimo hadi shimo kama mbegu, kuilinda nyumba au kuivunja kwa wakati wake, na kujua ni lini mtu atulie na ni lini asafiri. Mtu aliyekaa kwenye bao kuanzia adhuhuri hadi magharibi hana haki ya kumcheka kijana anayelima katika simu. Tofauti iko hapa tu, kwamba bao lina mshinde, ilhali katika michezo hii ya mji hakuna anayeshindwa. Mji hukua, na kukua huko ndiko ushindi.

Na sasa turudi mlimani. Wangoni, waliotoka kusini ya Afrika kwa vita na misukosuko isiyokuwa na idadi, waliingia katika nchi ya Songea katikati ya karne ya kumi na tisa, na jirani zao wengi walipaswa kuchagua kutawaliwa au kukimbia. Wamatengo walijikusanya juu, pande za Litembo, katika milima yenye mapango na miteremko ambayo jeshi halipandi kwa furaha. Usalama waliupata, lakini usalama una gharama yake: watu wengi katika ardhi ndogo, na ardhi yenyewe imeinama. Mkulima wa bondeni, shamba likichoka, huliacha akafyeka msitu mwingine. Mkulima aliyezingirwa mlimani hana pa kuhamia, na mvua ya masika, akiilimia miteremko hiyo kwa matuta ya kawaida, humchukulia udongo wake wote akauona unapita mtoni rangi ya chai. Ama ngolo zilianza kabla ya dhiki hiyo au ziliasisiwa ndani yake, yatosha kusema kwamba dhiki hiyo ndiyo iliyozifanya kuwa roho ya nchi.

Kazi yenyewe nimeiona kwa karibu, na inastahili kuelezwa polepole. Mwezi wa Machi, mvua zinapokaribia kwisha na majani yamefika kiunoni, wanaume hushuka shambani kwa nyengo na kufyeka. Majani huachwa yakasinyaa. Kisha hukusanywa na kupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokwenda juu na chini ya mlima, na mingine inayokata kwa upana, hata mteremko mzima ukaonekana umechorwa miraba. Hapo huingia wanawake na majembe: hukichimba kila kimraba katikati, udongo wakautupa juu ya majani yaliyo pembeni, wakayafukia, wakapanda maharage juu yake. Kinachobaki ni shimo lenye upana wa hatua moja au mbili, na pande zake nne kingo laini zilizoficha majani yanayooza. Mvua ikinyesha, maji hayateremki mbio. Huingia shimoni, hutulia, hunywewa na ardhi, na udongo uliochukuliwa kutoka ukingo mmoja hukamatwa na shimo la chini yake. Maharage huvunwa Julai. Desemba hupandwa mahindi juu ya kingo zile zile. Mahindi yakiisha kuvunwa shamba hupumzishwa liote majani, na duru ya pili inapoanza, mashimo mapya huchimbwa pale kingo za zamani zilipokutana, kwa hiyo iliyokuwa kingo inakuwa shimo na lililokuwa shimo linakuwa kingo. Mteremko uliolimwa na babu wa babu yake mwenyeji wangu bado unalimwa, na bado una udongo.

Shamba hilo haliko peke yake hewani. Wamatengo huigawa nchi kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa kilima uliomo baina ya vijito viwili, na zamani kila ntambo ilikuwa ya ukoo mmoja: juu kileleni msitu ulioachwa kwa ajili ya kuni na chemchemi, chini yake ngolo, katikati nyumba na makaburi, na bondeni bustani za mboga za kiangazi. Mkubwa wa ukoo alikuwa na desturi iitwayo sengu. Jioni wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, walikula pamoja kwake, chakula kikitoka katika nyumba zote, na katika kula huko yalizungumzwa yaliyomo: nani mgonjwa, nani hajapata mbegu, mpaka upi una maneno, kijana yupi amekosa adabu. Mwenye chungu kitupu hakuaibika, kwa sababu sinia lilikuwa moja. Na shamba lilipomshinda mtu, aliwaalika majirani kwa ngokela. Walikuja na majembe yao, wakalima kutwa, jioni wakanywa pombe aliyoiandaa. Hivyo ndivyo mji ulivyoendeshwa pasipo karani.

Mapya ya kwanza makubwa yalikuja na misalaba. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Kwa upande wa ziwa, Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma walifungua vituo ufukweni, na kasisi wao mashuhuri, William Percival Johnson, aliyetumia takriban maisha yake yote akizunguka pwani za Nyasa, alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Shule, dawa na maandishi yalipata mahali kwa sababu yalikuta watu waliozoea kukaa chini na kufundishana. Dini mpya haikuivunja ntambo. Kengele iliongezwa katika sauti za kilima, na siku ya Jumapili ikaingia katika kalenda ya mvua.

Kahawa nayo ililetwa Umatengo katika miaka ya 1920, na hili ndilo pya lililoubadilisha uso wa nchi kuliko yote. Lakini tazama lilivyoingia. Mibuni haikupandwa mahali pa ngolo. Ilipandwa kuzizunguka nyumba, katikati ya ntambo, ambapo takataka za jikoni na samadi ya mbuzi zinafika bila kubebwa mbali, na mama mwenye nyumba anaweza kuiangalia huku ana mtoto mgongoni. Chakula kilibaki ngoloni, fedha ikakaa karibu na mlango. Kijana wetu alituambia kwamba katika mchezo wake mbegu ya kahawa hukomaa kwa siku kumi na huzaa kila siku ya pili. Babu yake aliyapokea maneno hayo kimya, kama apokeaye habari ya muujiza wa nchi za mbali, kwa kuwa yeye huusubiri mbuni miaka mitatu au minne kabla ya kuuona ukimlipa, na katika miaka hiyo lazima apogoe, apalilie, apambane na ugonjwa wa chulebuni, kisha achume tunda moja moja lililoiva, alimenye kwa mashine ya mkono, aliloweke, alioshe, na kulianika kichanjani siku nyingi akikimbia kulifunika kila wingu linapokuja.

Kahawa ikataka soko, na soko likataka umoja. Mwaka 1936 kilianzishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ambacho kazi yake ya awali ilikuwa tumbaku ya Wangoni, kisha kahawa ya Wamatengo ikapanda juu. Miaka ya neema ilikuwapo: baada ya baridi kali kuiangamiza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipaa, na kwenye vilima hivi bati ziliingia mahali pa nyasi, watoto wakapelekwa shule, na mji wa Mbinga ukaota maduka kando ya barabara. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Mbinga ikapata chama chake, MBICU, na pia kiwanda cha kukoboa kahawa. Chama kilinunua, na pia kilikopesha mbolea na dawa, na mkulima alilipa kwa mavuno. Kisha mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ukavunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, waliokuja na fedha taslimu mikononi. Na chama, kilichokwisha elemewa na madeni, hakikuweza kushindana. Mkulima alifurahia fedha ya papo kwa papo mwaka wa kwanza; mwaka wa tatu alitafuta mbolea ya mkopo asimwone wa kumkopesha.

Hapo ndipo yalipostawi magoma. Neno hilo kila mkulima wa Mbinga analijua: mtu ana shida ya ada au ya matibabu mwezi wa Februari, kahawa ingali kijani mtini, anakuja mwenye fedha anamnunulia mavuno ambayo hayajawa, kwa bei ambayo msimu ukifika itakuwa kichekesho. Serikali imeyapiga marufuku mara nyingi, na vyama vya msingi na minada vimewekwa ili kuyaua, lakini shida haisomi tangazo. Katika mchezo wa Kyoto, mwenye duka humkopesha mgeni nyumba, asimtoze riba wala asimwekee siku ya kulipa. Huyo si mkopeshaji, ni mjomba. Na katika mchezo wa Barone, kuchagua kati ya jumba la jamii na duka la kampuni ni jambo la kubonyeza mara moja, ukijua yote mawili yatakuletea nini. Wamatengo walichagua gizani, na aghalabu hawakuulizwa.

Pwani ya ziwa ilikuwa na mapya yake, baadhi yake ya ghafla mno. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe linalofanana na sanamu ile ya Misri, palikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, tarehe 13 Agosti 1914, wakati meli ya Waingereza, Guendolen, ilipotokea na kuanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki na mnywaji mwenziwe nahodha wa Kiingereza, Rhoades, habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alipiga makasia akaenda kumkaripia mwenzake kama amelewa ama amepata wazimu, na akaambiwa kwamba yeye ni mateka. Waingereza walilihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa ushindi wa awali wa vita hiyo majini. Wenyeji wa Liuli walihesabu nini sikuandikiwa, lakini najua kwamba jioni ile, kama jioni zote, mitumbwi ilipaswa kutoka.

Mitumbwi hiyo hutoka mpaka leo. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa usipa huonekana ziwani kama mji wa pili ulioshuka majini. Asubuhi usipa humwagwa juu ya vichanja na mchanga, ukang'aa kama fedha iliyochanwa, na kufikia magharibi umekauka kiasi cha kupakiwa magunia kuelekea Mbinga na Songea. Magege na mbasa, ambao ni wakubwa na wenye mafuta, hawakaukii jua. Hupasuliwa mgongoni, hutandazwa juu ya kichanja cha fito mbichi, na chini yake huwashwa kuni zinazofuka taratibu zisiwake, huku mwanamke aliyeketi kando akiwageuza kwa vidole visivyojali joto, akijua kwa rangi ya ngozi, wala si kwa saa, ni lini samaki amepata moshi wa kumfikisha mlimani bila kuoza. Kwa samaki huyo mpanda mlima alipata maharage na mahindi; hata kungu, wale wadudu wadogo ambao huinuka juu ya maji kwa mawingu mithili ya moshi wa treni, hukamatwa na wenyeji wa ziwa na kufanywa kitoweo. Ukaushaji huo wa samaki kwa moshi ndio sababu ya ungo wa bibi kusimama hewani. Mtungaji wa Seattle ameifikia hekima ya Liuli katika toleo lake la 1.6, lililotoka Machi 2024 na kuingia katika simu Novemba mwaka huo, na sina ubaya naye: mtu anayeutafuta utulivu wa kijiji kwa bidii, mwisho atafika penye kichanja.

Na kuna mapya ambayo mkoa huu huu wa Ruvuma uliyazaa. Huko Litowa, wilayani Songea, vijana wa TANU walianza mwaka 1960 kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao, na mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vikaunda Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, Ntimbanjayo Millinga akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwalimu Nyerere aliwatembelea akawasifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja jumuiya hiyo, na Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Amri ilifika Umatengo ikakuta milima imekwisha kujaa watu, na kijiji cha serikali kikabidi kitandazwe juu ya ntambo kadha wa kadha, kama shuka juu ya kitanda kilichokwisha lala mtu. Mwenyekiti na katibu walipata ofisi. Mipaka ya ukoo ilibaki chini yake, na mashauri ya mashamba yakaendelea kusikilizwa na wanaoikumbuka.

Katika miaka ya 1990 walikuja wageni wa aina nyingine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ule ule mji wa Nintendo, walipanda Umatengo kuzichunguza ngolo na misitu ya miombo, na utafiti wao ulioanza mwaka 1994 ukageuka baadaye kuwa kazi ya maendeleo. Walijifunza kabla ya kufundisha, na hiyo ni tabia adimu. Huko Kindimba, wanakijiji wakishirikiana nao, mto ulielekezwa ukaendesha mashine ya kusaga, ili wanawake wasibebe magunia kupanda na kushuka kutafuta mashine ya dizeli. Na kamati iliyoundwa na wenyeji kuongoza mambo yao waliipa jina la sengu, wakakifufua kile cha babu zao kwa kazi ya siku hizi. Nafikiri mara nyingi juu ya mji ule mmoja, uliotoa watu wa kuchora kijiji kinachotoshea kiganjani na watu wa kuja kupima kina cha mashimo yetu kwa rula. Wote wawili walikuwa wakilitafuta jambo lile lile aliloambiwa Eguchi na upweke wake.

Mwaka 2012 ufukwe ulitengwa ukawa wilaya ya Nyasa, na baadaye lami ikateremka mpaka majini, na sasa gunia la usipa lipandalo alfajiri huuzwa Mbinga kabla ya adhuhuri. Lami imeshika, kwa kuwa imefuata njia ambayo samaki na maharage walikwisha ikanyaga kwa miguu ya watu tangu zamani. Kahawa ilishika kwa kuwa ilipata mahali karibu na mlango. Shule ilishika kwa kuwa ilikuta sinia ambalo wadogo walizoea kulizunguka na kusikiliza. Mikopo ya magoma nayo imeshika, kwa bahati mbaya, kwa kuwa ilikuta pengo lililoachwa na chama. Amri zilizokuja bila kuuliza ziliacha karatasi.

Nilipoagana na wenyeji wangu, kijana alitaka kunionyesha jambo la mwisho. Alikuwa amelisafisha shamba lake lote la simuni. Magugu yote yamefyekwa, ardhi imebaki nyeupe, safi kama ua uliofagiliwa kwa ajili ya harusi. Bibi yake alikuja nyuma yetu, akatazama kwa muda, akauliza majani yamewekwa wapi. Kijana akasema kwamba hapo, ukiisha kufyeka, majani hutoweka, na mbolea hutengenezwa kwa utomvu wa miti. Bibi hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba mwezi wa Machi likizo ikikuta mvua bado zipo, aje na nyengo yake, wao wana majani ya kufukia, na mwaka huu zamu ya kuchimbwa ni pale zilipokuwa kingo.